Jinsi ya kukikagua kitalu cha uwindaji kabla hujakitetea au kukilaani

Mnajua inavyokuwaga. Picha inasambaa, mtu kachuchumaa nyuma ya simba aliyekufa, anacheka, bunduki kailaza mgongoni kwa mnyama, na ndani ya nusu saa watu washagawanyika, hawa wanasema ni ushenzi, wale wanasema bila hizo dola mapori yote yangeshakuwa mashamba ya ufuta zamani. Kelele nyingi na hamna hata mmoja aliyeuliza huyo simba kapigwa kitalu gani. Na hilo ndo swali lenyewe, maana uwindaji wa kitalii unaendeshwa kitalu kwa kitalu, yaani pori linagawanywa vipande na kila kipande kinapewa kampuni ya uwindaji, na kitalu kimoja kinaweza kuwa safi kabisa wakati cha jirani yake ni wizi mtupu. Kwa hiyo hapa naelezea namna ya kukikagua kitalu. Nimeandika zaidi kwa mtu ambaye kijiji chake kiko ndani ya WMA (jumuiya ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori) au kinapakana na pori la akiba hapa Tanzania, ila hata wewe uliyeko Nairobi au Dubai unayetaka tu kujua usimame upande gani, maswali ni hayahaya.

Anza na ardhi, mnyama baadaye

Hifadhi za taifa haziwindwi. Serengeti, Ruaha, Mikumi, huko ni kamera tu, na Ngorongoro vilevile. Uwindaji uko kwenye mapori ya akiba kama Rungwa, Kizigo, Maswa na ile sehemu ya Selous iliyobaki baada ya 2019 kukatwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, uko pia kwenye mapori tengefu, na kwenye WMA, yaani zile jumuiya ambazo vijiji kadhaa vimeungana na kutenga ardhi yao wenyewe kwa ajili ya wanyama. Mapori ya akiba na tengefu yako chini ya TAWA, mamlaka ya serikali ya kusimamia wanyamapori. WMA ni ya wanakijiji, ina uongozi wake na katiba yake. Ukishajua uko wapi kati ya hapo unajua barua yako inakwenda kwa nani, kwa sababu watu wengi wanapoteza mwaka mzima wanamlalamikia mwenyekiti wa kijiji jambo ambalo mkataba wake uko TAWA, au kinyume chake.

Halafu jiulize hiyo ardhi ingekuwa nini kama uwindaji usingekuwepo. Hapa wanaopinga huwa wanapita haraka. Mtu akishaona Serengeti anadhani kila pori linaweza kuishi kwa watalii wa picha, sasa nenda Rungwa uone, miombo kilomita kwa kilomita, nyasi zinakuzidi urefu, mbung'o wanakutafuna kupitia shati, mvua ikianza barabara hamna, na mnyama unaweza kumtafuta kutwa nzima usimwone. Mtalii wa kamera mwenye siku tano za likizo haji huko. Mwindaji anakuja, tena safari ya simba kwa taratibu za hapa kwa miaka mingi imekuwa siku 21, anakaa kambini na analipa kila siku anayokaa awe kapata au hajapata. Kwa hiyo kwenye pori la namna hiyo hoja ya uwindaji ina miguu. Ila kama kitalu kimepakana na geti la hifadhi maarufu na kuna watu wako tayari kujenga loji hapo, hoja inapungua nguvu sana, na kampuni ikikuambia "bila sisi hapa hakuna kitu" usikubali kirahisi.

Pua ya simba

Twende sasa kwa mnyama, na nitakaa kwa simba kidogo kwa sababu kwa simba unaweza kupima kwa macho.

Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, anatundika chambo juu ya mti, mara nyingi paja la pundamilia au nyati, anajenga kificho cha nyasi upande usiopeleka harufu, na alfajiri wanakaa humo kimya kusubiri dume. Dume likija kula, maadili yote tunayobishania yanaamuliwa hapo kwa dakika chache, kwa darubini, na kinachotazamwa ni pua. Simba kijana pua yake ni ya pinki. Kadiri anavyokua inaanza kupata madoa meusi kama imerushiwa wino, madoa yanaungana, na akifika miaka 5 au 6 karibu nusu ya pua ishakuwa nyeusi. Manyoya ya shingo ndo yanayodanganya wageni wengi, wanataka manyoya mengi meusi wapendeze ukutani, kumbe kuna madume ya Selous yanazeeka na manyoya haba tu. Mwindaji bingwa mzuri anaangalia pua, makovu usoni, meno yakionekana, na akiwa na wasiwasi anasema hapana hata kama mgeni kalipa na kanuna.

Kwa nini umri ni jambo kubwa hivyo? Kwa sababu dume anayemiliki kundi la majike akiuawa, madume wapya wanaingia na kazi yao ya kwanza ni kuua watoto wa yule aliyetangulia ili majike wapate joto tena. Risasi moja kwa dume la miaka 4 inaweza kufuta na watoto wote wa kundi, na hao hawaandikwi kwenye fomu yoyote. Craig Packer na wenzake, waliofuatilia simba wa Serengeti kwa miaka mingi, walionyesha mwaka 2004 kwamba ukipiga madume ya miaka 5 au 6 kwenda juu tu, wale waliokwisha kulea watoto wao, idadi ya simba haiyumbi. Tanzania ikachukua miaka 6 kuwa kipimo, na nyara zinakaguliwa baadaye, fuvu na meno, kuona kama dume kweli alikuwa mkubwa.

Basi swali lako la kwanza kwa kampuni ni hili tu: simba waliopigwa kitalu hiki misimu iliyopita walikuwa na umri gani kila mmoja? Majibu yapo, yalishakaguliwa. Wakikupa hadithi ya shule waliyojenga badala ya miaka ya simba, umeshapata jibu.

Fanya hesabu ya mgao

Mgao ni idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kupigwa kwa msimu. Hapa huhitaji digrii. Mwaka 2011 Packer na wenzake tena, baada ya kuangalia takwimu za uwindaji za Tanzania, walipendekeza simba wanaopigwa wasizidi nusu ya mmoja kwa mwaka kwa kila kilomita za mraba 1,000, na Selous mmoja kwa kilomita 1,000 kwa kuwa huko walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo kitalu cha kilomita za mraba 1,000 nje ya Selous ni simba mmoja kila baada ya miaka miwili. Mmoja. Chukua ukubwa wa kitalu chenu, gawanya, linganisha na mgao. Ukikuta kitalu cha kilomita 600 kina simba wawili kila msimu hapo hamna uhifadhi, hapo ni kuvuna mpaka waishe.

Uliza pia mgao umetokana na sensa gani. Kama idadi inarudiwa ileile mwaka hadi mwaka na hakuna aliyehesabu chochote, basi ni karatasi.

Na hapa niweke neno kuhusu yule simba Cecil wa Zimbabwe aliyepigwa Julai 2015 nje kidogo ya Hifadhi ya Taifa ya Hwange na daktari wa meno kutoka Marekani. Dunia ililia kwa sababu alikuwa na jina na alivaa kola ya watafiti wa Oxford. Lakini kwa umri alikuwa na miaka 13, mzee kabisa, kwa kipimo cha pua angepita. Tatizo ambalo mamlaka za Zimbabwe zenyewe zililitaja ni kwamba ardhi ile haikuwa na mgao wa simba mwaka ule. Yaani kosa lilikuwa kwenye karatasi ambayo watu hawakuijali, wao wakashika jina.

Kuna aina moja haihitaji hesabu, nayo ni simba wa kufugwa wa Afrika Kusini. Wanazalishwa kwenye mabanda kwa maelfu, wanafunguliwa ndani ya uzio, mgeni anapiga, anapanda ndege. Hapo hakuna pori linalolindwa wala kijiji kinachonufaika, na serikali yao yenyewe mwaka 2021 ilitangaza inataka kuifunga biashara hiyo. Mtu akikutetea hiyo kwa jina la uhifadhi mwache aongee peke yake.

Mnyama ni wa nani akivuka mpaka

Tembo wana mambo yao. Kanuni zetu zinataka pembe ifike kilo 20 au urefu wa kama mita 1.6, lengo likiwa kuwakinga vijana. Kwa karatasi ni nzuri. Ila matokeo yake ni kwamba bunduki zote zinaelekea kwa madume wakubwa, na watu waliofuatilia tembo wa hifadhi ya Amboseli, Kenya, tangu 1972 wanakuambia dume la tembo linakuja kuzaa kwa wingi likiwa na miaka 40 na kuendelea, majike yanayachagua hayohayo, na vijana wanajifunza adabu kwao. Kwa hiyo ile hoja ya "tunapiga mzee asiye na kazi" ambayo kwa simba ina ukweli na kwa nyati dume aliyejitenga na kundi ina ukweli, kwa tembo haipo. Mzee ndiye mwenye kazi.

Sasa kati ya Amboseli na WMA ya Enduimet, upande wetu wa Longido chini ya Kilimanjaro, hakuna uzio, tembo wanalala Kenya wanakula Tanzania. Katikati ya miaka ya 90 walipigwa madume wa Amboseli upande wetu, kukawa na mzozo, kukafikiwa makubaliano kwamba wawindaji hawatagusa eneo lile, na yakaheshimiwa karibu miaka 30. Kuanzia Septemba 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024 wakapigwa madume watano, baadhi wenye pembe za kilo 45 kila upande, aina ambayo waliobaki Afrika nzima ni wachache sana, na mizoga mingine ikaripotiwa kuchomwa moto, jambo ambalo lilifanya watu wajiulize kwa nini mtu mwenye leseni achome ushahidi. Kisheria leseni zilikuwepo. Mimi mtazamo wangu hapo hauna kigugumizi, kama mnyama mmoja analipiwa na watalii wa kamera kila mwezi upande wa pili wa mpaka kwa miaka 40, kumpiga mara moja upande huu ni kuvunja chungu cha jirani, hata kama chungu kimekutwa uani kwako.

Kwa hiyo kama kitalu chenu kiko mpakani au kwenye njia ya wanyama, ongeza swali: huyu mnyama anategemewa na nani mwingine, na huyo mwingine aliulizwa?

Hela

Hapa ndo wengi wanafeli, na hapa ndo mwanakijiji ana nguvu kuliko mtu wa mtandaoni.

Usikubali jumla. Mtu akikuambia "uwindaji unaingiza mamilioni ya dola" mwambie sawa, sasa zinaingiaje hapa. Kuna ada ya kitalu, kuna ada ya kila mnyama aliyepigwa, kuna ada za vibali na za kila siku mgeni anapokaa, na kila moja ina mgawanyo wake kati ya serikali kuu, halmashauri, na jumuiya kama ni WMA. Omba mgawanyo wa kila ada. Kwa miaka mingi hela ya WMA imekuwa inapitia kwanza serikalini ndo irudi, na kilio cha kuchelewa ni cha kila mahali, kwa hiyo uliza na tarehe: msimu huu unaanza Julai, fedha za msimu uliopita ziliingia lini kwenye akaunti ya jumuiya? Sio zitaingia, ziliingia lini.

Nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa kila miezi mitatu na kubandikwa ubaoni, hilo ni haki yako. Ukikuta ubao una tangazo la chanjo ya mbuzi la mwaka juzi na mkutano wa kampeni, simama uulize mbele ya watu, maana ofisini utaambiwa mtendaji kasafiri. Uliza kwa jina la kitu: hela ya kitalu imenunua nini. Mabati mangapi, dawati ngapi, askari wa wanyamapori wa kijiji wangapi wanalipwa na mshahara wao wa mwezi uliopita wameupata?

Hao askari ndo kipimo changu kikubwa, kuliko shule. Selous inatufundisha hapo. Hesabu ya 1976 ilikuta tembo zaidi ya laki moja huko, ya 2013 ikakuta kama 13,000, na mwaka 2014 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Uwindaji halali uliendelea karibu muda wote huo, na waliomaliza tembo ni majangili, sio wageni wenye leseni. Lakini katikati kulikuwa na kipindi, kuanzia 1994, ambapo pori liliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake ya uwindaji, hela ikaenda kwenye mafuta ya gari, redio, posho za askari, na tembo wakaongezeka. Utaratibu ulipolegezwa miaka ya 2000 doria zikadorora na bunduki zikarudi. Sisemi ndo sababu pekee, bei ya pembe ilipanda sana kipindi hicho. Ila ukitaka kujua kama dola ya mwindaji inalinda wanyama, usitazame dola, tazama gari la doria lina mafuta.

Na kuna hesabu nyingine ambayo kampuni huwa hazipendi kuisikia. Tembo akila shamba kuna kifuta jasho, mtu akiuawa kuna kifuta machozi, yote ni malipo ya pole kutoka serikalini, na kanuni za 2011 ziliweka milioni 1 ya shilingi kwa maisha ya mtu. Kenya sheria yao ya 2013 iliandika milioni 5 za kwao, ingawa kuilipa nako ni kizungumkuti. Sasa weka hiyo milioni 1 ya 2011 pembeni ya kile mgeni anacholipa kumpiga simba mmoja, makumi ya maelfu ya dola, halafu mwambie mama aliyefiwa kwamba simba ni mali yetu sote. Kama kitalu hakina mpango wowote kwa familia zinazoumizwa na wanyama, vijana wataweka sumu kwenye mzoga wa ng'ombe, na sumu haitazami rangi ya pua.

Watu wamo au wametolewa?

Hili nitalisema kwa kifupi ila msiliruke. Mwanakijiji akiua swala ni jangili anakwenda jela, mgeni akiua simba anapewa cheti. Tofauti inaitwa leseni, na leseni ina maana kama aliyezaliwa hapo alikuwa na sauti kwenye kuitoa. Huko Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kampuni ya kutoka Falme za Kiarabu ilipewa kitalu mwaka 1992, mgogoro na wafugaji wa Kimasai ukaendelea miaka 30, na Juni 2022 kilomita za mraba 1,500 zikawekewa vigingi, watu wakaumizwa, askari polisi akafa, familia zikakimbilia Kenya. Unaweza kuwa na mgao mzuri na simba wazee watupu, kama kitalu kimepatikana hivyo sijui utakitetea kwa mdomo gani.

Kwa WMA uliza muhtasari wa mkutano uliopitisha mkataba. Tarehe, idadi ya waliohudhuria, sahihi. Mkataba wenyewe uko Kiswahili au umewekwa Kiingereza tu? Nani anaweza kuuvunja na kwa sababu gani?

Ukikuta kitalu kibovu

Usikimbilie kusema "pigeni marufuku" kabla hujajua nini kinafuata. Kenya walipiga marufuku mwaka 1977 na watu wanapenda kuitaja kama mfano, mimi naitaja kwa tahadhari, kwa sababu hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha wanyamapori wa nyanda zao za malisho walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016. Sio marufuku iliyowaua, ni uzio, mashamba, mifugo mingi, ardhi kukatwa vipande. Lakini marufuku haikuwaokoa pia. Botswana nao walifunga 2014 wakafungua 2019. Sisi wenyewe tulifunga 1973 tukafungua 1978. Na Marekani iliposimamisha kuingiza nyara za tembo kutoka kwetu mwaka 2014, halafu ikabana na simba, vitalu vingi vilirudishwa serikalini kwa kukosa wateja, na kitalu kilichorudishwa hakigeuki kuwa hifadhi, mara nyingi kinageuka kuwa mkaa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama tatizo ni umri au mgao, andika kwa TAWA na nakala kwa afisa wanyamapori wa wilaya, omba takwimu za nyara za kitalu hicho kwa miaka mitano, taja jina la kitalu na msimu, barua ya ukurasa mmoja, usimtukane mtu. Kama tatizo ni hela, peleka kwenye mkutano wa kijiji kwanza ili iandikwe kwenye muhtasari, halafu jumuiya, halafu mkurugenzi wa halmashauri, maana barua isiyo na muhtasari nyuma yake wanaiita majungu. Kama tatizo ni mnyama wa mpakani tafuteni wenzenu wa upande wa pili, vijiji na vijiji, kabla mawaziri hawajaanza kurushiana maneno. Na kama mkataba unaisha msimu huu msisubiri uishe, mnunuzi mwingine wa matumizi ya ardhi ile, awe wa kamera, wa asali au wa hewa ukaa, atafutwe sasa hivi na aje na namba zake kwenye mkutano uleule, akae meza moja na kampuni ya uwindaji, kila mmoja aseme atalipa nini, lini, na askari wangapi, watu wapige kura.

Nakala ya muhtasari mbaki nayo. Pigeni picha kwa simu ukurasa wa sahihi, kwa sababu madaftari ya kijiji yana tabia ya kupotea karibu na uchaguzi.